Mikono Myekundu ya Rukia

Mimi si daktari, na anayetaka maneno ya kidaktari akayatafute kwao. Ninauza mahamri na viazi karai hapa Makongeni, na haipiti wiki bila mama fulani kusimama mbele ya karai langu na mtoto mgongoni. Hanunui kitu. Anazungukazunguka mpaka wateja wapungue, kisha ananiuliza, "Mama Rukia, wako alianzaje?" Nimewasimulia wengi nikiwa nimesimama, mikono ina unga, nikiruka nusu ya mambo kwa sababu mafuta yanaungua. Sasa nimeketi niandike yote, hata yale ambayo mpaka leo yakinijia nikiwa peke yangu huwa natoka nje kuyakimbia.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua ya Elnino. Ramadhani ilitukuta matopeni. Maji yalisimama nyuma ya nyumba zetu wiki baada ya wiki, na mbu, ambao huku Thika tulizoea kuwasikia mmoja mmoja, sasa walikuja kama watu waliosikia kuna sherehe. Rukia alikuwa na miaka mitatu. Homa ya kwanza ilimpata mfungo ukiwa mchanga. Tulimpa klorokwini, akatapika, tukampa tena, homa ikashuka. Ikarudi, ikashuka tena. Mume wangu Juma, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, alisema ni malaria tu na kila mtoto wa mtaa anayo. Hapo alisema kweli, maana kila mtoto wa mtaa alikuwa nayo.

Mambo niliyaona, lakini kila moja lilikuja na maelezo yake. Rukia alianza kula udongo, akibandua ukuta wa jikoni kwa kucha. Mama yangu akasema ni minyoo. Aliacha kunifuata sokoni kwa miguu, akawa analia abebwe. Mimi nilikuwa mjamzito na tumbo limeshaanza kuonekana, basi nikasema ni wivu. Katikati ya mchezo alikuwa anaketi chini peke yake na kuwatazama wenzake, nikasema ni uchovu wa homa. Maelezo hayakosi nyumbani. Kinachokosekana ni mtu wa kuyajumlisha.

Idi tuliifanyia Ruiru, kwa mama yangu, kama kila mwaka. Siku moja kabla ya Idi wanawake wa kwetu hukusanyika pale kutia hina. Majani yaliyotwangwa yanachungwa kwa kitambaa, yanachanganywa na chai ya rangi na ndimu, kisha wasichana wadogo wanajazwa kiganja kizima na nyayo, wanafungwa mifuko ya nailoni, wanaambiwa watulie mpaka ikauke. Hakuna mtoto anayetulia. Wanalia, wanajikuna pua, wanapaka hina kwenye kuta na kwenye nguo za wageni. Rukia mwaka uliotangulia alikuwa ameharibu pazia la mama yangu, na kesi ile ilizungumzwa mpaka Mfungo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa.

Mwaka ule aliwekwa kwenye mkeka, akanyoosha mikono, akakaa. Hakulia wala kujikuna. Aliegemea ukuta na mikono yake mbele, macho nusu wazi, mpaka ikakauka.

"Huyu ndiye mtoto sasa," akasema shangazi yangu. "Ametulia kama bibi harusi."

Mama yangu alifurahi akampaka tena mara ya pili ili rangi ikolee. Na mimi nilijaa fahari. Tulikuwa wanawake tele kwenye kile chumba, wote tumezaa, na hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto wa miaka mitatu anakaa kama mzigo.

Siku ya pili ya Idi alikataa biriani, akakataa soda, na mtoto anayekataa soda si wa kuchezea. Alikuwa anahema. Nilimpeleka kwenye kliniki moja ya pale Ruiru, iliyokuwa karibu na kwa mama. Stima ilikuwa imepotea kwa mvua. Tulikaa kwenye benchi gizani, watoto wanakohoa, akina mama wanasukumana polepole kuelekea mlangoni kila benchi linapopungua mtu. Tabibu alikuwa kijana mwenye koti safi. Hakuinuka kitini. Rukia alikuwa na gauni lake la Idi na sweta juu, na sweta halikuvuliwa.

"Lete mkono," akasema. Akakigeuza kiganja cha Rukia kuelekea kwenye mwanga wa mlangoni, akakiachilia. "Damu iko. Si unaona vile mkono uko red? Ni malaria na kikohozi kidogo. Mpatie hii sirapu."

"Lakini anapumua haraka, daktari."

"Ni homa, mama. Homa ikishuka atakuwa sawa. Next!"

Mimi pia nilikuwa nikiutazama mkono ule. Kwangu mkono mwekundu baada ya Idi ni mkono tu, kama vile kichwa kina nywele. Sikuuona. Nilisikia neno "damu iko" na roho ikatua, nikarudi Makongeni na chupa yangu ya sirapu.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilikuwa nikimnawisha uso. Nilimfunua mdomo nimsafishe meno, na mkono wangu ukasimama. Kwa ndani mdomo wake haukuwa na rangi. Ulikuwa kama unga wa mahamri uliokandwa, kabla haujaingia mafutani. Nikamtazama shingoni, nikaona mahali panadunda, panadunda haraka mno, hata kwa macho unaona. Nilimwita kwa jina. Aliniangalia kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, akafunga macho tena.

Juma alikuwa anavaa aende kazini.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Si ametoka kwa daktari juzi? Sirapu haijafika hata nusu."

"Haya, twende."

"Mama Rukia, daktari alimwangalia. Wewe umesomea wapi?"

"Daktari aliangalia mkono. Mimi naangalia mtoto."

Sijawahi kumjibu mume wangu kwa sauti ile, na sijui ilitoka wapi. Alivua shati la kazi, akamchukua Rukia, akatangulia mlangoni. Njia nzima nilitembea nyuma yao nikitazama mgongo wa mtoto kupitia shuka, kuhakikisha kwamba unapanda na kushuka.

Kwenye hospitali ya Thika tulikuta benchi limejaa. Nilikaa karibu na mwanamke mmoja mwembamba, kitambaa cha kanisani kichwani, amempakata mtoto wa kiume aliyevikwa sweta juu ya sweta, kofia ya sufu na blanketi. Uso tu ndio ulionekana. Alikuwa Mama Kamau, anaishi Mwihoko, anauza kabichi, na alikuwa amelala kwa dada yake hapo Thika ili awahi foleni.

"Wako ni nini?" akaniuliza.

"Malaria, wamesema. Na wako?"

"Wangu ni kifua. Hii baridi ya mvua. Nimemfunika lakini wapi."

Akanipa nusu ya ndizi yake. Nilikuwa sijala tangu jana na sikuwa nimejua.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, na nyuma yake wanafunzi wa utabibu wamejipanga kwa makoti meupe. Mtoto wa Mama Kamau akaingizwa kwanza, na sisi tukaitwa tusubiri ndani palepale, kando ya pazia.

"Mvue nguo, mama," daktari akasema.

"Atashikwa na baridi, daktari."

"Dakika kidogo tu. Nataka kuona kifua, siwezi kuona sweta."

Mama Kamau akavua moja, akavua nyingine. Kila alipovua alitazama nyuma kana kwamba mtu atamzuia. Ya mwisho ilipotoka nikaona jambo ambalo silisahau. Kila Kamau alipovuta pumzi, nyama iliyo chini ya mbavu zake ilizama ndani, wakati kifua cha mtu kinapaswa kutoka nje. Pua zilikuwa zinapanuka. Akipumua nje, alikuwa anatoa kisauti kidogo, kama anayekubaliana na mtu. Sauti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiisikia pale benchini, nikadhani mtoto anaota.

Nilimwona daktari akibadilika uso. Hakuwauliza wanafunzi swali lolote. "Oksijeni," akasema, "saa hii," na wawili wakaondoka na mtoto, mama yake nyuma, sweta mikononi.

Halafu ikawa zamu yetu.

Yeyote ambaye mtoto wake ameshafanywa somo anajua ile hofu. Wanakuja mmoja mmoja, mikono yao baridi, wanabonyeza tumbo, wanaongea Kiingereza juu ya kichwa cha mtoto, na wewe unashika maneno mawili matatu na yote yanatisha. Mwanafunzi wa kwanza, kijana mrefu, alikishika kiganja cha Rukia, akakitazama kwa haraka, akasema hakuna upungufu wa damu.

"Wewe?" daktari akamwuliza wa pili.

Yule akakitazama kiganja, akatazama na nyayo, akakuna kichwa. "Daktari, hapa siwezi kusema. Hii ni rangi."

Daktari akanigeukia. "Mama, nini hii mikononi?"

"Hina, daktari. Ya Idi."

"Ni mzuri," akasema, na nikaona hakuwa ananidhihaki. Kisha akawageukia wanafunzi. "Haya. Mlango mmoja umefungwa. Mtarudi nyumbani?"

Akaketi kitandani, akaleta uso wake karibu na wa Rukia, akamsemesha kidogo. Kwa kidole akashusha ukope wa chini, taratibu. Akafunua mdomo. Akamwambia Rukia amtolee ulimi, na Rukia, ambaye siku zote ni bingwa wa kuwatolea watu ulimi, hakuweza. Daktari akautazama hivyohivyo. Kote kulikuwa kweupe. Akaweka mkono kifuani, akatazama saa yake, akagusa ini chini ya mbavu. Nilisimama nikishikilia kitanda.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "mtoto wako hana damu. Malaria imeimaliza. Moyo wake unakimbia kwa sababu unajaribu kufanya kazi bila kitu. Tunahitaji damu leo, si kesho."

Nilimwuliza kama atakufa. Nilimwuliza hivyohivyo, bila kuzungusha. Akasema, "Tukipata damu, hapana." Nimelishika jibu hilo miaka yote hii, lakini siku ile mimi nilisikia neno la kwanza tu.

Watu wa sasa wanisamehe nikieleza. Miaka ile hospitali hazikuwa na damu ya akiba. Ndugu ndio walitoa, na kabla ya kutoa walipimwa, na wakati ule watu waliogopa kupimwa damu kuliko kaburi. Mimi walinikataa kwa sababu ya mimba. Macho yote yakamwendea Juma. Tulikuwa tumezika majirani wawili mwaka huo ambao ugonjwa wao haukutajwa kwa jina, na alikuwa anafikiri lile ambalo kila mwanamume alikuwa akilifikiri. Nami nikawaza, Mungu anisamehe, ana nini anachoogopa? Ndipo akakunja mkono wa shati na kwenda. Alirudi na pamba mkononi, uso umemshuka. Damu yake ilikuwa safi, wakasema, ila haikulingana na ya Rukia. Kaka yake hakupatikana kazini. Mama yangu alikuwa na sukari. Tukakaa nje ya wodi tumeishiwa na watu.

Mama Kamau alitoka wodini kuteka maji, akatukuta hivyo. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa na kikombe chake cha plastiki.

"Mimi nimewahi kutolewa damu nikijifungua," akasema. "Sijui yangu ni gani. Wacha wapime."

"Na Kamau?"

"Kamau ako na oksijeni, amelala. Nitaenda na nirudi tu."

Akaenda akapimwa. Ikalingana. Nilipiga magoti pale kwenye sakafu iliyomwagiwa dawa na kumshika miguu, akaniinua akasema niache, mimba itaumia. Akaambiwa arudi baadaye kidogo kutoa, kwa sababu mwenye kazi hiyo alikuwa amekwenda kula.

Kamau alifariki kabla mtu huyo hajarudi.

Tulisikia kilio. Wodi nzima ilikijua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwenye wodi ya watoto wote ni wazazi, kwa hiyo hakuna aliyeinua kichwa. Nataka niseme nilichohisi, kwa sababu huenda nawe utahisi kitu cha namna hiyo na ujione mnyama. Nilimlilia Kamau, na nikimlilia nilikuwa nikimwomba mama yake kimoyomoyo, usiondoke, tafadhali usiondoke, bado hujatoa. Nilikuwa nimemshika Rukia, mdomo wake umekauka, pumzi zake zinafukuzana, na niliutazama mlango.

Mlango ulifunguliwa. Mama Kamau alikuwa amekunja zile sweta na kuzipanga juu ya mkono, kubwa chini, ndogo juu. Nesi alimfuata.

"Mama, enda nyumbani," nesi akamwambia. "Tutatafuta mwingine. Hakuna mtu atakulaumu."

"Mwingine ako wapi?" Mama Kamau akauliza.

Nesi akageuka kutazama wodi.

"Basi wacha nitoe. Nilisema nitatoa. Halafu niende nimwambie baba yake."

Akaniachia zile sweta nimshikie. Hakunitazama mimi, alimtazama Rukia, kisha akaingia chumba cha kutolea damu. Alipotoka walikuwa wamempa soda. Aliifungua, akaishika, hakuinywa. Nilimwambia pole. Kiswahili kimejaa maneno ya kufariji, na siku ile sikupata hata moja zaidi ya hilo.

Damu iliingia polepole, tone kwa tone. Juma alisimama akitazama mfuko, mimi nikitazama mdomo. Mama yangu alifika kutoka Ruiru, akauliza kwa sauti ya chini damu hiyo ni ya nani. Nikamwambia ni ya mama mmoja wa Mwihoko, Mkristo, mwanawe amefariki leo. Akasema Mungu amlipe, akatoa tasbihi yake akaketi chini. Asubuhi iliyofuata Rukia alifumbua macho na kunidai chai. Nikamfunua mdomo. Palikuwa na rangi kidogo, kama maji yaliyosuziwa nguo nyekundu, lakini ilikuwepo. Juma alitoka nje akalie peke yake, alidhani sijui.

Hatukupona siku ile. Yalifuata masiku ya kwinini, kisha dawa ya damu ya maji iliyomfanya awe na meno meusi, kisha kliniki na kliniki, mvua za masika zote. Hina iliondoka viganjani upesi, lakini kwenye kucha ilibaki, ikisogea mbele kadiri kucha zinavyokua, na kila nilipozikata nilikata kidogo ya Idi ile. Juma nami tulikwaruzana miezi kadhaa. Alikuwa anaamka kumtazama mtoto kama anapumua, nami nikaamka kumtazama tena kwa sababu sikuamini macho yake. Mtoto mwingine alizaliwa salama, wa kiume. Hofu haikuondoka na ugonjwa. Imehamia tu, inakaa karibu.

Kwa hiyo wewe unayesimama mbele ya karai langu, nakuambia hivi, na usiniite daktari. Hina nzuri, mtie mtoto, mimi pia humtia. Lakini akiwa mgonjwa mwambie tabibu kwamba hiyo ni hina. Mfunue mdomo kwenye mwanga wa jua. Mshushe ukope uone kama kuna wekundu. Mvue sweta zote, hata kama ni Julai na mama mkwe anakutazama, uone kifua kinavyokwenda. Na mtoto msumbufu akitulia ghafla, usimsifu. Ukiambiwa ni sawa na moyo wako umekataa, rudi, uliza tena. Kuuliza si ujinga.

Baridi ilipoingia nilikwenda Mwihoko. Nilikuwa nikiliahirisha jambo hilo, kwa sababu sikujua mtu anaingiaje kwenye nyumba kama ile akiwa na mtoto mzima mkononi. Nilibeba mahamri. Nilimkuta Mama Kamau nje ya chumba chake akikata kabichi za wateja. Alisimama, akafuta mikono, akatukaribisha ndani, akawasha jiko la chai. Tulizungumza bei ya kabichi.

Rukia alikuwa akiruka juu ya kochi kwa viatu vyake. Nikamkemea.

"Mwache," Mama Kamau akasema. "Kuja hapa, mami."

Rukia akaenda. Mama Kamau akamketisha pajani, akafungua vifungo vya sweta lake kimoja kimoja, akaweka kiganja chake kifuani pa mwanangu, kwenye ngozi. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda. Chai ilianza kuchemka na kumwagika kwenye jiko, na mimi sikuinuka mpaka yeye mwenyewe alipoutoa mkono.